Kuanzisha Makao ya Tiba kwa Vijana Balehe: Maadili Yaanze kwa Mwenye Funguo

Mtu anayekusudia kuanzisha makao ya kuwalaza na kuwatibu vijana wa miaka 13 hadi 17 walioingia kwenye uraibu, utoro, wizi wa nyumbani au kujidhuru huwa mara nyingi tayari ana kiwanja, au nyumba ya urithi, au jamaa wa msikitini au kanisani walioahidi kuchanga. Ana pia orodha ya maadili anayotaka vijana hao wayashike: heshima, ukweli, uchapakazi, ucha Mungu. Anachokosa kwa kawaida ni orodha ya pili, inayoeleza maadili hayo yanamtaka yeye na wafanyakazi wake wafanye nini saa nane za usiku, kijana anapopiga mlango mateke akitaka kutoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia mazingira ya Tanzania, na sehemu kubwa unaihusu orodha hiyo ya pili.

Lugha yetu yenyewe ina onyo. Shule ya serikali ya Irambo, mkoani Mbeya, inayopokea watoto waliokinzana na sheria kwa amri ya mahakama, huitwa shule ya maadilisho. Kitenzi cha kuadilisha kinamfanya kijana kuwa mtendwa, kana kwamba maadili ni kitu anachopakwa na wengine. Makao ya tiba yanayoanza na fikra hiyo huishia kupima mafanikio yake kwa utulivu wa kijana, ilhali kijana anaweza kuwa ametulia kwa sababu anaogopa.

Kwanza, hakikisha makao yanahitajika

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unataka mtoto aondolewe kwenye familia pale tu njia nyingine zinaposhindikana, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kenya imekwenda mbali zaidi: mkakati wake wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa mwaka 2022 hadi 2032, unalenga kuwahamisha watoto kutoka kwenye taasisi na kuwarudisha katika familia na jamii. Anayejenga mabweni leo anajenga wakati ambao serikali za kanda hii zinayaangalia mabweni kwa shaka, na shaka hiyo ina msingi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi, tumia miezi kadhaa kuzungumza na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, walimu wa malezi na ushauri wa shule za sekondari, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na wauguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya. Waulize ni vijana wa aina gani wanaowashinda, na walikwama wapi. Huenda ukagundua kwamba wengi wangefaa kuhudumiwa mchana na kulala kwao, jambo ambalo ni rahisi, nafuu na salama zaidi. Wanaobaki, yaani wale ambao nyumbani kuna mtu anayewauzia au kuwapa dawa za kulevya, wale waliojaribu kuacha mara tatu wakashindwa, na wale wanaohitaji uangalizi wa usiku na mchana, ndio wateja halisi wa makao. Wanaweza kuwa wachache kuliko ulivyodhani, na hiyo ni habari njema.

Kuna sababu nyingine ya kutowakusanya wasiohitaji. Watafiti wa tabia za vijana, akiwemo Mmarekani Thomas Dishion, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuwaweka pamoja vijana wenye mienendo hatarishi kunaweza kuwazidishia mienendo hiyo, kwa sababu hufundishana na kusifiana. Kijana aliyeletwa kwa kuvuta bangi wikendi anaweza kutoka akijua unga unauzwa wapi. Dawa ya hatari hiyo ni kundi dogo, watu wazima wa kutosha, na saa chache sana zisizo na kazi wala mwangalizi. Kwa maoni yangu, makao mapya yasizidi vijana 12, na katika miezi ya mwanzo vijana 4 au 5 wanatosha.

Maadili yaandikwe kama wajibu wa wakubwa

Chagua maadili machache. Manne yanatosha, na kila moja liandikiwe ukurasa unaosema linamlazimisha nani kufanya nini. Ukisema ukweli, basi kijana asiletwe kwa hila, kwa kuambiwa anapelekwa kumsalimia shangazi Morogoro kisha geti likafungwa nyuma yake. Na mzazi asihakikishiwe kwamba mwanawe atapona, kwa kuwa hakuna anayeweza kulihakikisha hilo. Ukisema heshima, basi kijana asinyolewe kwa nguvu, asiitwe teja, asikaguliwe akiwa uchi, na hadithi ya maisha yake isisimuliwe mbele ya wafadhili. Ukisema uwajibikaji, basi kila tukio la mfanyakazi kumshika kijana kwa nguvu liandikwe kwenye daftari la matukio siku hiyohiyo, na mzazi pamoja na afisa ustawi wa jamii waarifiwe. Ukisema utu, na hili ndilo neno ambalo Kiswahili kimelibebesha mzigo mkubwa kuliko yote, basi hata anayekutukana atakula chakula kilekile wanachokula wenzake, kwa wakati uleule. Chakula, usingizi, maji ya kuoga na mawasiliano na nyumbani visiwe zawadi wala adhabu.

Wapo watakaojibu kwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Methali hiyo naipenda, lakini anayeisema agundue kwamba inahusu kukunja. Mvuvi aliyekunja kwa pupa akamvunja samaki wake hana cha kupeleka sokoni.

Historia ya makao ya aina hii inaeleza kwa nini nasisitiza. Nchini Marekani, jumuiya iliyoitwa Synanon, iliyoanzishwa California mwaka 1958 kwa ajili ya waraibu watu wazima, ilieneza mtindo wa kumweka mtu katikati ya duara na kumfokea hadi alie na kukiri makosa yake. Mtindo huo ulirithiwa na programu nyingi za vijana zilizojitangaza kuwa zinajenga tabia njema. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi inayoliripotia Bunge la nchi hiyo ilieleza juu ya maelfu ya madai ya unyanyasaji katika programu hizo, na ikachambua vifo 10 vya vijana. Sheria ya kitaifa ya kukabili unyanyasaji katika taasisi hizo ilisainiwa Desemba 2024 tu. Barani kwetu, mwezi Septemba 2019 polisi wa Kaduna, Nigeria, waliwatoa mamia ya wanaume na wavulana katika nyumba moja iliyojulikana kama kituo cha mafunzo ya dini na marekebisho ya tabia. Baadhi yao walikuwa na minyororo miguuni. Wazazi wengi walikuwa wamewapeleka wenyewe, wakiamini wanawapeleka kwenye maadili.

Kuhusu dini, makao yanaweza kuwa na asili ya kidini na bado yakafuata tiba. Masharti yake ni mawili: kijana asilazimishwe kuabudu wala kubadili dini, na ibada isichukue nafasi ya daktari. Kijana Mwislamu katika makao ya kanisa apewe nafasi ya swala na daku wakati wa Ramadhani, na kijana Mkristo katika makao ya Kiislamu apelekwe ibadani Jumapili. Panga hilo kabla ya kumpokea wa kwanza.

Vibali

Sehemu hii haina ladha, lakini wengi hukwama hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, na inaweka makao ya watoto chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Huduma za uraibu husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo ndiyo inayozifuatilia nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi. Tambua kwamba nyumba nyingi za namna hiyo zimekusudiwa watu wazima. Kumlaza mvulana wa miaka 14 chumba kimoja na mwanamume wa miaka 35, hata kama wote wanaacha dawa ileile, ni kosa lisilo na udhuru.

Utahitaji pia usajili wa taasisi yenyewe, iwe kama shirika lisilo la kiserikali au kampuni, ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukaguzi wa afisa afya, na barua ya serikali ya mtaa. Kwa kuwa utatunza taarifa za afya za watoto, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu moja kwa moja: faili likae kabatini lenye kufuli, na picha za vijana zisionekane kwenye ukurasa wako wa mtandao. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla ya kwenda ngazi za juu, kwa sababu yeye ndiye atakayekuja kukagua, na ni afadhali awe ameushauri mradi tangu ulipokuwa karatasini. Kwa walio Kenya, milango ya kubisha ni NACADA, yaani mamlaka ya taifa ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, kwa upande wa tiba ya uraibu na idara ya huduma za watoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Watu na zamu

Bajeti nyingi za makao huvunjika kwa sababu ya hesabu moja ambayo haikufanywa. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki kwa mfanyakazi, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Gawanya 168 kwa 45, utapata kama watu 4 ili nafasi moja tu isikae wazi. Ongeza likizo, ugonjwa na misiba, wanakuwa 5. Makao ya vijana yanahitaji angalau watu wazima 2 walio macho muda wote, mmoja asibaki peke yake na kundi, kwa hiyo unazungumzia walezi wapatao 10 kabla hujamhesabu mpishi, mlinzi, muuguzi, mnasihi na msimamizi. Ukiona takwimu hizo zinakuzidi, punguza vijana au anza na huduma ya mchana. Njia ambayo wengi huichukua, yaani mlezi mmoja anayelala hapohapo siku saba na kulipwa posho, ndiyo inayozaa viboko, kwa sababu mtu asiyelala hana subira.

Usiku ndio wakati wa kuutazama kwa makini. Unyanyasaji wa kingono baina ya vijana, kutoroka, kuingizwa kwa bangi na majaribio ya kujiua hutokea zaidi watu wazima wanapolala. Mlezi wa usiku awe macho, alipwe kwa kukesha, apite vyumbani kwa vipindi visivyotabirika na kusaini kila anapopita. Wavulana na wasichana wasilale jengo moja; kwa makao madogo ningeshauri kuchagua jinsia moja tu.

Unapoajiri, omba hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, wapigie simu waajiri wawili waliotangulia, na umuulize mwombaji afanye nini kijana akimtemea mate. Anayejibu kwa kusifia ukali wake usimwajiri, hata akiwa na shahada. Mtu aliyewahi kuwa mraibu akapata nafuu ni hazina kubwa katika timu, kwani vijana humsikiliza kuliko mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hata hivyo apate mafunzo, asimamiwe na mtaalamu, na asitumiwe kama mbadala wa mtaalamu huyo. Makubaliano ya maandishi na daktari wa magonjwa ya akili, au angalau na hospitali ya mkoa yenye kitengo hicho, yawepo kabla ya kufungua.

Siku ya kupokelewa

Tathmini ifanyike kabla ya begi kuingia chumbani. Mnasihi azungumze na kijana peke yake, kisha na mzazi peke yake, kisha wote pamoja, kwa kuwa masimulizi hayo matatu hayafanani hata siku moja. Ulizeni kuhusu dawa alizotumia na mara ya mwisho, mawazo ya kujiua, kifafa, ujauzito, sikoseli, VVU na dawa anazomeza, na iwapo kuna mtu nyumbani aliyemdhuru. Swali la mwisho ndilo linalogeuza kesi nyingi: msichana aliyeletwa kwa sababu ya utoro anaweza kuwa anamkimbia mtu mzima wa nyumba ileile inayomlipia ada. Hapo kazi yako inabadilika, na afisa ustawi wa jamii na polisi lazima waitwe.

Kuna hali ambazo makao hayapaswi kuzipokea kabla ya hospitali. Kijana anayeacha ghafla pombe aliyoinywa kila siku, au vidonge vya kutuliza kama diazepamu, anaweza kupata degedege na kufa, anahitaji wodi. Arosto ya heroini, kama waraibu wenyewe wanavyoyaita mateso ya kuikosa dawa, humtesa mtu kwa kutapika, kuhara na maumivu ya mifupa, na ingawa si kawaida imuue mtu mwenye afya, upungufu wa maji unaotokana nayo ni hatari na unahitaji daktari. Anayesikia sauti au kuona visivyoonekana na wengine apelekwe kwa daktari wa akili kwanza, wala asipelekwe chumba cha maombi.

Kijana aelezwe kwa lugha anayoielewa atakaa muda gani, atafanya nini, anaruhusiwa kumpigia nani, na afanye nini akionewa. Ridhaa ya mzazi ni ya lazima kisheria, lakini ridhaa ya kijana, hata ikiwa ya shingo upande, ndiyo inayofanya tiba ianze. Akikataa kabisa, rudi kwenye mazungumzo. Mnasihi mwenye ujuzi wa kuuliza bila kuhukumu huweza kumfikisha mahali pa kusema "nijaribu wiki mbili," na wiki mbili ni mwanzo mzuri.

Siku ya kawaida na jinsi ya kurekebisha makosa

Ratiba isiwe ya kijeshi. Kuamka, uji, usafi, masomo, mnasihi mmoja kwa mmoja mara mbili kwa wiki, kikao cha kundi kinachoongozwa na mtaalamu, kazi ya mikono, mpira, chakula cha jioni, simu za nyumbani, kulala. Kazi ya shambani au jikoni inafaa ikiwa kila mtu anaifanya, wakiwemo wafanyakazi, na ikiwa mazao yake hayaendi sokoni kumtajirisha mwenye makao. Zaidi ya hapo ni utumikishwaji wa watoto. Masomo yasikatike. Aliye sekondari abebe kazi kutoka shuleni kwake kwa makubaliano na mkuu wa shule, na aliyeacha zamani anaweza kuandaliwa kwa mtihani wa maarifa, unaojulikana zaidi kama QT, au kuunganishwa na vyuo vya ufundi stadi vya VETA.

Makosa yatatokea, na hapo ndipo kijana atakapoyasoma maadili yenu. Viboko visiwepo kabisa, wala kupigishwa magoti juani, wala kufungiwa. Aliyevunja dirisha asaidie kulitengeneza, aliyemtukana mwenzake akae naye mbele ya mnasihi, aliyeingiza bangi azungumziwe kama mgonjwa aliyerudiwa na homa, huku ukichunguza ilipita wapi, na mara nyingi utakuta ilipita getini mikononi mwa mtu mzima. Kumshika kijana kwa nguvu kuruhusiwe pale tu anapokaribia kujiumiza au kumuumiza mwingine, kwa sekunde za lazima, na kamwe asilazwe kifudifudi na kukaliwa mgongoni, kwani watu hufa kwa kukosa pumzi namna hiyo.

Weka njia ya malalamiko isiyopita kwako. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao msimamizi wa makao ni pambo. Ufunguo akae nao afisa ustawi wa jamii au mjumbe wa bodi asiye ndugu yako, namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, isiyotozwa, ibandikwe ukutani, na simu ya kuipigia iwe mahali ambapo kijana anaweza kuzungumza bila kusikilizwa. Barua zisifunguliwe. Mzazi aweze kumwona mwanawe bila mfanyakazi kuwa karibu.

Wazazi, na safari ya kurudi

Mzazi anayetaka kulipa, kuacha begi na kuja baada ya miezi sita kumchukua mtoto mpya mwambie kwamba makao hayo hayapo. Mkataba wa kupokelewa umtake ahudhurie kikao cha familia angalau mara mbili kwa mwezi, na kama anaishi mbali, kwa simu. Humo ndimo baba anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba kijana alianza pombe na chupa zake, na humo ndimo mama anapofunzwa kuweka masharti bila kupiga kelele. Kuanzia wiki za kati, kijana alale nyumbani usiku mmoja, kisha wikendi, na kila anaporudi mzungumze yaliyompata, hata kama alivuta. Kuteleza akiwa bado mikononi mwenu ni afadhali kuliko kuteleza baada ya kuagwa kwa keki na picha.

Kwa aliyetumia heroini, familia iambiwe jambo moja waziwazi: mwili uliokaa bila dawa hauwezi tena kuhimili kiasi kilekile cha zamani, na akirudia kipimo chake cha awali anaweza kuacha kupumua usiku uleule. Wajue dalili, yaani usingizi usioamshika, midomo kubadilika rangi na pumzi chache zinazoachana sana, na wajue hospitali iliyo karibu.

Katika bajeti, tenga fedha za kumfuatilia kila kijana kwa mwaka mzima baada ya kutoka: simu kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, kumtembelea nyumbani na shuleni, na kitanda kimoja kinachoachwa wazi kwa yeyote atakayebisha hodi akiwa ameanguka tena. Kitanda hicho kitaonekana hasara kwenye mahesabu, na mjumbe mmoja wa bodi atashauri kijazwe. Kiache wazi.